Coke wa Holkham au Beckford wa Fonthill: kabaila yupi umsome kwanza?

Ukitaka kujua kabaila wa Kiingereza wa karne ya 18 aliishi vipi, alikula jasho la nani na aliingia bungeni kwa mlango gani, njia nyepesi ni kumchukua mtu mmoja na kumfuata tangu anaporithi hadi anapozikwa. Kazi ni kumpata huyo mmoja. Bunge la Westminster lilikuwa na viti 558 kabla ya mwaka 1801, na sehemu kubwa ya waliovikalia walikuwa wenye ardhi, watoto wa wenye ardhi au wakwe zao. Kiswahili kimewahi kuliita baraza hilo Bunge la Makabwela. Makabwela hawakuwemo.

Mimi nimewachuja nikabakiwa na wawili: Thomas William Coke wa Holkham, kaskazini mwa Norfolk, na William Beckford wa Fonthill, huko Wiltshire. Wanafaa kuwekwa bega kwa bega kwa sababu wanakaribiana mno. Coke alizaliwa 1754, Beckford 1760. Wote wawili walirithi mali ambayo hawakuichuma, wote wakawa wabunge, wote walivuka miaka 80, na walikufa kwa kupishana miaka miwili, 1842 na 1844. Hata mafundi wao walitoka tumbo moja. Samuel Wyatt alimjengea Coke maghala na nyumba za wakulima. Mdogo wake, James Wyatt, alimjengea Beckford jumba lenye mnara. Ghala kubwa la Samuel limesimama mpaka leo. Mnara wa James ulianguka wenyewe.

Mali ilitoka wapi

Coke alikabidhiwa Holkham mwaka 1776, akiwa na miaka 21, baada ya baba yake kufariki. Ilikuwa ardhi ya ekari kama 30,000, yenye mizizi kwa mwanasheria mashuhuri wa karne ya 16 na 17, Sir Edward Coke. Lakini hata jina hilo lilikuwa la kuvaa. Baba yake alizaliwa Wenman Roberts, akabadili jina ili urithi usitoke kwenye ukoo, kwa kuwa haki yake ilipitia kwa mama. Jumba lenyewe lilijengwa na kaka wa bibi yake, bwana aliyepata hasara kubwa bei za hisa zilipoporomoka kwa kishindo mwaka 1720, na bado akaanza ujenzi mwaka 1734. Alikufa 1759, jumba likakamilika 1764. Coke hakuweka hata tofali moja la nyumba iliyompa jina.

Fedha za Holkham zilikuwa pango la mashamba. Wakulima wapangaji walilima, wakauza ngano, shayiri na kondoo, wakamlipa bwana. Ukitaka kujua nani aliumia, tazama vibarua waliokuwa chini ya wapangaji hao, wasio na ardhi wala mkataba.

Fedha za Beckford zilikuwa sukari. Baba yake, aliyeitwa William pia, alizaliwa Jamaica, akaja London, akawa mbunge na Meya wa jiji mara mbili. Alipokufa mwaka 1770 alimwachia mtoto wa miaka tisa jumba la Wiltshire pamoja na mashamba ya miwa ng'ambo ya bahari, na watumwa wa Kiafrika kwa maelfu. Husimuliwa kwamba mtoto huyo alirithi pauni milioni moja taslimu, na kwamba hakukuwa na raia wa kawaida tajiri kuliko yeye katika Uingereza nzima. Mwaka aliozaliwa ndio mwaka watumwa wa Jamaica walipoinuka katika uasi unaoitwa wa Tacky, nao ukazimwa kwa mauaji ya kutisha.

Jambo moja sharti ulishike mapema. Beckford hakuikanyaga Jamaica maisha yake yote. Mwaka 1787 alipanda meli kwenda huko, meli ikatia nanga Lisbon, akashuka, akapendezwa na Ureno, akabaki. Mashamba yakaendeshwa na mawakala na manokoa, na yeye akapokea barua na hawala. Msomaji anayejua habari za mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba hahitaji kuelezwa mwenye shamba asiyekaa shambani ni mtu wa namna gani.

Mlango wa Bunge

Hapa tofauti yao inafundisha zaidi, na ndipo wanafunzi wengi wanapoteleza kwa kudhani kila mbunge wa zama zile alipata kiti kwa njia moja.

Sheria ya 1711 ilimtaka mbunge wa kaunti awe na pato la pauni 600 kwa mwaka kutokana na ardhi, na mbunge wa mji pauni 300. Mshahara hakuna, wabunge wa Uingereza walianza kulipwa mwaka 1911. Kwa hiyo ubunge ulikuwa kazi ya mtu aliyeshiba tayari. Kura nayo ilipigwa kwa mdomo, hadharani, mbele ya karani anayeandika, na siri ya kura haikuja hadi 1872. Mpangaji aliyesimama kutaja jina la mgombea alijua kwamba nokoa wa bwana wake anasikiliza.

Coke alikuwa mbunge wa kaunti nzima ya Norfolk. Kiti cha namna hiyo kilikuwa na heshima, kwa sababu wapiga kura walikuwa wengi: kila mwanamume mwenye ardhi yake ya thamani ya shilingi 40 kwa mwaka. Usingeweza kuwanunua wote, ila uliweza kuwalisha, kuwanywesha na kuwabeba kwa magari ya farasi hadi Norwich. Watanzania tuna neno lake, takrima. Nalo lilimponza. Uchaguzi wake wa mwaka 1806 ulibatilishwa kwa sababu ya kukirimu wapiga kura kinyume cha sheria, akalazimika kukaa kwa muda mfupi kwenye kiti cha Derby kabla ya kurudi Norfolk. Aliingia bungeni mara ya kwanza mwaka 1776 na akatoka 1832. Pengo kubwa ni la 1784 hadi 1790, alipopoteza kiti pamoja na marafiki wengine wa Charles James Fox, kiongozi wa kundi la kisiasa la Whig. Katika miaka yote hiyo hakuyumba: alikuwa Whig, alipinga vita dhidi ya makoloni ya Amerika, akatamani mageuzi ya uchaguzi, na akaishi kuyaona yakipita mwaka wa kuondoka kwake.

Beckford alikaa kwanza kwenye kiti cha Wells, 1784 hadi 1790, kisha cha Hindon, kijiji kilicho jirani na Fonthill. Hindon ilikuwa na wapiga kura kama 200 na sifa mbaya iliyojaa nchi. Uchaguzi wa 1774 pale ulinuka rushwa kiasi kwamba wagombea wawili walihukumiwa kifungo mwaka 1776 kwa kununua kura. Familia ya Beckford ilikuwa na nguvu kubwa pale, na yeye akakalia kiti hicho 1790 hadi 1794, kisha 1806 hadi 1820. Jina lake halikumbukwi kwa hotuba yoyote wala kwa muswada wowote. Kiti kilikuwa kama samani ya nyumba. Mageuzi ya 1832 yaliifuta Hindon kwenye orodha.

Kama shabaha yako ni siasa, basi, hakuna ubishi, mchukue Coke. Lakini usiifumbie macho Hindon, maana viti vya aina ya Hindon vilikuwa vingi kuliko vya aina ya Norfolk, na Bunge lilisimama juu yake.

Holkham kwa karibu

Ziko picha mbili za Coke. Ya kwanza ilichorwa Roma na Pompeo Batoni mwaka 1774: kijana mwembamba aliyevaa nguo za sherehe za kizamani, mbwa miguuni, sanamu ya mwanamke aliyelala nyuma yake. Ya pili ni ya Gainsborough, na humo amevaa buti na koti la kuwindia, bunduki mkononi. Kati ya picha hizo mbili ndimo sifa yake ilimozaliwa: bwana mkubwa aliyeacha lulu akashika udongo.

Kulikuwa na nini hasa kwenye udongo huo? Sehemu hiyo ya Norfolk ni ardhi nyepesi ya mchanga. Mfumo uliotumika ni wa mzunguko wa miaka minne. Mwaka wa kwanza ngano. Wa pili tanipu, ile mizizi minene inayopaliliwa kwa jembe la mkono, kisha kondoo wanaingizwa humohumo shambani wakati wa baridi, wanakula na kuacha samadi. Wa tatu shayiri, na chini yake mbegu ya klova. Wa nne klova yenyewe inalisha mifugo na kuurudishia udongo nguvu, kama kunde na maharage yanavyofanya kwetu. Shamba halilali mwaka mzima bila kitu. Mahali penye mchanga mtupu walichimba udongo wa chokaa ulio chini wakaumwaga juu, kazi nzito ya mikokoteni na jasho, ambayo faida yake haionekani mwaka huo.

Ndiyo maana mkataba ulikuwa na uzito kuliko plau. Mtu hapandi mnazi kwenye kiwanja cha kupanga. Mpangaji anayeweza kufukuzwa mwakani hatamwaga mikokoteni ya chokaa kwenye shamba la mwingine. Holkham ilitoa mikataba ya miaka 21, na ndani yake masharti: lima kwa utaratibu huu, usipande nafaka mfululizo, tunza ua. Bwana akajenga maghala na nyumba imara, mkulima akaleta mtaji wake, faida ikapanda, na pango likapanda nalo.

Kisha kulikuwa na mikutano ya kunyoa kondoo. Kila mwaka, karibu na Juni, Coke alifungua milango kwa wakulima, malodi, wageni wa Marekani na Ulaya. Asubuhi wanatembea mashambani kukagua kondoo wa Southdown, ng'ombe wa Devon na mashine za kupandia mbegu. Mchana wanakula chakula cha mamia na kunyanyua glasi kwa hotuba. Mkutano ulianza kama kikao cha majirani miaka ya 1770, ukawa tamasha la maelfu, ukaisha 1821. Lau ningepewa siku moja ya kurudi nyuma, ningeichagua hiyo, hasa saa ya chakula, pale mpangaji mwenye tope kwenye buti anapomweleza lodi kwa nini kondoo wake hawafai.

Sasa onyo. Wasifu wa Coke uliandikwa kwanza na watu waliokula mezani kwake, wakadai kwamba aliikuta Norfolk jangwa la sungura na akaiacha bustani ya ngano. Wanahistoria wa karne ya 20 walipofungua vitabu vya hesabu vya Holkham walikuta mambo mengine: mikataba mirefu ilikuwapo kabla yake, mwanzilishi wa jumba alikuwa keshaanza kazi ya chokaa, tanipu zililimwa na Lodi Townshend wa Raynham, jirani yake, na wengine kabla ya Coke kuzaliwa. Bei ya nafaka nayo ilipaa kila mahali wakati wa vita na Ufaransa. Alichofanya Coke ni kuyatangaza, kuyasukuma na kuyafanya yawe fasheni. Si jambo dogo, ila si muujiza.

Na si kila mtu alimpenda. Mwaka 1815, bunge lilipokuwa linapitisha sheria ya kuzuia nafaka ya bei nafuu kutoka nje, watu wa Norwich walimrushia mawe kwenye maonyesho ya mifugo. Ngano ghali ni neema kwa mwenye shamba, na ni njaa kwa anayenunua mkate. Mwaka 1830 vibarua wa Norfolk, kama wenzao wa kusini, walikuwa wanavunja mashine za kupuria nafaka kwa sababu zilikuwa zinawanyang'anya kazi ya msimu wa baridi. Ukimsoma Coke bila habari hizi mbili umesoma kadi ya pongezi.

Fonthill kwa karibu

Beckford ana kisa kitamu zaidi, na hilo ni tatizo: utamu unaficha hesabu.

Mwaka 1784, kijana mwenye mke, kiti cha Bunge na cheo cha ulodi kilichokuwa njiani kumfikia, alikumbwa na kashfa. Magazeti yalimhusisha kimapenzi na William Courtenay, kijana wa ukoo wa kilodi. Hakuna mahakama iliyomhukumu, lakini milango ilifungwa, ulodi ukayeyuka, akahamia Ulaya. Mkewe alifariki Uswisi mwaka 1786 baada ya kujifungua binti yao wa pili. Mwaka huohuo hadithi yake ya Vathek, aliyoiandika kwa Kifaransa, ilichapishwa London bila ridhaa yake, na mfasiri akajifanya ameitoa kwenye Kiarabu. Ni kisa cha khalifa mwenye tamaa isiyo na kikomo, anayejenga mnara ili achungulie siri za mbingu. Aliyekulia kwenye Alfu Lela Ulela ataona mara moja Beckford aliokota wapi vitambaa vyake, na atashangaa jinsi mwandishi alivyojitabiria.

Aliporudi Wiltshire alizungusha ukuta wa zaidi ya mita tatu na nusu kwenye msitu wake. Sababu mojawapo ilikuwa kuwazuia wawindaji. Hakuvumilia kuona mnyama akikimbizwa na mbwa na farasi. Coke, kinyume chake, alikuwa mwindaji wa kutajika. Mgeni wake mmoja, mchongaji Francis Chantrey, aliwahi kuwaangusha ndege wawili kwa mpigo mmoja wa bunduki pale Holkham, akawachongea kumbukumbu ya marumaru. Ukipima kwa huruma ya wanyama, Beckford ndiye mtu mwema. Ila ukuta huo ulilipwa kwa viboko vya Jamaica, na sijaona palipoandikwa kwamba ubongo wake uliwahi kuunganisha mambo hayo mawili.

Ujenzi ulianza 1796. Beckford alitaka jumba la umbo la abasia ya kale, yaani makao ya watawa, na alilitaka sasa hivi. Mafundi mia kadhaa walifanya kazi kwa zamu, usiku kwa mwanga wa mienge, na mwenyewe akasimama kwenye kilima kuwatazama kama mtu anayetazama ngoma. Mbao zilitumika mahali pa mawe, na saruji ya siku zile mahali pa subira. Mnara wa kwanza ulibomolewa na upepo mwaka 1800. Ukajengwa mwingine, wa kama mita 84. Milango mikubwa ilikuwa mirefu kupita kiasi, na inasemekana alimweka mtumishi mbilikimo aifungue ili ionekane mirefu zaidi. Desemba 1800 Nelson, kamanda mashuhuri wa jeshi la majini la Uingereza, alikuja kulala. Baada yake wageni walikuwa wachache mno kwa nyumba ya ukubwa ule.

Sukari ikaanza kumgeuka. Bei zilishuka, kesi za mahakamani zikamnyang'anya baadhi ya mashamba, madeni yakapanda. Mwaka 1822 akaiuza Fonthill kwa John Farquhar, mtu aliyetajirika kwa baruti huko Bengal. Kuna kisa kwamba msimamizi wa ujenzi, akiwa kitandani anakufa, alikiri kuwa msingi wa mnara haukujengwa kama ulivyolipiwa, na kwamba Farquhar alipoambiwa akajibu utamtosha maisha yake. Tarehe 21 Desemba 1825 mnara ukaporomoka. Farquhar akafa mwaka uliofuata.

Utumwa ulipofutwa katika makoloni ya Uingereza kwa sheria ya 1833, serikali ilitenga pauni milioni 20 kuwafidia wenye watumwa. Beckford alikuwa miongoni mwa waliolipwa. Watumwa hawakulipwa senti.

Kwa hiyo umchukue nani

Kama una insha ya kuandika na wiki mbili za kuiandika, mchukue Coke. Kumbukumbu za Holkham zimehifadhiwa vizuri, ardhi ipo, maghala yapo, na maisha yake yanakuonyesha mashine nzima: pango, mkataba, uchaguzi, Bunge. Pia ndiye anayemwakilisha kabaila wa kawaida, ingawa ukubwa wake haukuwa wa kawaida. Beckford hafanani na mtu yeyote.

Kama wewe ni msomaji wa kujisomea tu, asiyedaiwa na mwalimu, mimi ningekwambia uanze na Beckford, na si kwa ajili ya mnara. Ukianza na Coke ni rahisi kuamini kwamba utajiri wa Uingereza ulichimbwa Uingereza, kwenye tanipu na chokaa. Ukianza na Beckford, swali la "nani alilipia hii?" linakukaa kichwani, nawe unaingia nalo Holkham na kuwauliza vibarua wa Norfolk walikuwa wanakula nini.

Anayeishi Uingereza au anayepita huko anaweza kuyaona yote mawili. Holkham iko wazi kwa wageni kwa misimu, karibu na ufuko wa bahari. Ukumbi wake mkuu huitwa wa marumaru ingawa nguzo zake ni za alabasta ya Derbyshire. Kwenye bustani kuna mnara wa kumbukumbu wa Coke wenye futi 120, ambao wapangaji wake walichangia fedha kuujenga. Kwenye pembe zake wamesimama ng'ombe wa Devon, kondoo wa Southdown, plau na mashine ya kupandia, na juu kabisa mganda wa ngano. Fonthill kimebaki kipande tu, tena ni mali ya mtu binafsi, usijisumbue. Nenda Bath badala yake, ambako Beckford mzee alijijengea mnara mwingine katika miaka ya 1820. Huo nao una futi 120, na safari hii msingi ulijengwa vizuri. Ni makumbusho sasa, na ngazi zake ni 154.

Alitaka azikwe chini ya mnara huo, ikashindikana. Baada ya kifo chake kiwanja kiliuzwa, kikataka kugeuzwa bustani ya kuuzia bia, mpaka binti yake akakinunua tena na kukitoa kiwe makaburi. Ndipo mwaka 1848 jeneza lake la mawe mekundu yaliyong'arishwa likahamishiwa hapo. Limewekwa juu ya ardhi, na kulizunguka pande zote kumechimbwa handaki.